Mtoto wa Mbali na Shule Kubwa za Nairobi

(Maneno ya mazungumzo yaliyosemwa mbele ya wazazi na walezi huko Kangemi)



Nimeombwa niseme nanyi leo juu ya swali ambalo wazazi huliuliza kila mwaka, wale wakaao mjini na wale wakaao mashambani: Je, mtoto atokaye mbali ana nafasi gani ya kuingia katika shule kubwa za Nairobi na viunga vyake vya magharibi? Nasema shule kama Nairobi School iliyo kando ya Waiyaki Way, na Kenya High iliyo Kileleshwa, na Lenana iliyo upande wa Barabara ya Ngong, na zile Alliance mbili, ya wavulana na ya wasichana, zilizoko Kikuyu, mwendo mfupi baada ya kuvuka mpaka wa jiji. Mzazi wa Lodwar huliuliza swali hili kwa hofu. Mzazi wa Kangemi huliuliza kwa matumaini, kwa sababu hupita mbele ya lango la Nairobi School kila asubuhi aendapo kazini. Nitajaribu kuwaonyesha ya kwamba mara nyingi mambo yamekuwa kinyume cha hivyo, na kwamba ujirani na shule si kitu ambacho mtu aweza kukitegemea.

Kwanza yafaa tukumbuke jinsi shule hizi zilivyoanza, maana neno "mgeni" halikuwa na maana moja siku zote. Nairobi School ilifunguliwa hapo Kabete mwaka 1931 kwa jina la Prince of Wales School, katika majumba yaliyochorwa na Sir Herbert Baker, nayo ilikuwa ya wavulana wa Kizungu peke yao. Lenana ilianza mwaka 1949 kwa jina la Duke of York School, vivyo hivyo. Kenya High ilikuwa ya wasichana wa Kizungu. Katika siku hizo, mvulana Mwafrika aliyezaliwa Kangemi, ambaye labda baba yake ndiye aliyekata majani ya kiwanja cha shule, alikuwa mgeni kuliko mtoto wa mlowezi aliyeletwa kwa gari la moshi kutoka Kitale. Alama zake darasani hazikuhusika hata kidogo. Ile mipaka ya rangi ilianza kulegezwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, na majina yale ya wana wa mfalme yakabadilishwa baada ya Uhuru.

Alliance ilikuwa na habari nyingine. Ilifunguliwa Machi 1926 na umoja wa misheni za Kiprotestanti, nayo ikawachukua wavulana Waafrika kutoka pande nyingi za nchi, kutoka Nyanza na Ukambani, kutoka Pwani na mlimani. Wengi wenu mmesikia jina la Bwana Carey Francis, aliyekuwa mkuu wa shule ile tangu mwaka 1940 hata 1962. Alliance ya wasichana ilifuata mwaka 1948. Nafasi zilikuwa chache mno, na kijiji kizima kilijua jina la mtoto aliyeitwa. Nadhani hapo ndipo ilipozaliwa desturi yetu ya kuzihesabu shule tano au sita kuwa ndiyo milango ya mbinguni, na nyingine zote kuwa ni vibaraza tu. Desturi hiyo haijatutoka, nayo imewatesa watoto wengi wazuri.

Baada ya Uhuru swali likawa jingine. Rangi haikuzuia tena, lakini je, nchi igawane vipi nafasi chache? Kama zingetolewa kwa alama peke yake, zingejazwa na watoto wa miji na wa wilaya zilizotangulia kuwa na shule, vitabu na walimu wengi. Kama zingegawanywa sawasawa bila kuangalia alama, wenye bidii wangenung'unika, na haki. Basi ilipoanza elimu ya 8-4-4 mwaka 1985, pamoja na mtihani wa KCPE, uliwekwa utaratibu wa mafungu ambao watu wazima waliomo humu wanaukumbuka. Shule za mkoa zilitakiwa kuchukua wanafunzi 85 katika kila 100 kutoka katika eneo lao wenyewe, na 15 tu kutoka nje. Shule za kitaifa zilichukua watoto wa nchi nzima, na kila wilaya ikawa na fungu lake.

Naomba tukae kidogo katika jambo hili, kwa sababu ndilo lenye kiini cha mazungumzo yangu. Tazameni matokeo yake kwa watoto wawili. Katika shule za mkoa zilizo hapa mjini, kama Upper Hill au Dagoretti, mtoto wa mbali aligombea zile nafasi 15 katika 100 pamoja na watoto wa mikoa mingine yote. Ugeni wake ulimdhuru. Lakini katika shule ya kitaifa, mtoto wa Turkana hakushindana na mtoto wa Westlands hata kidogo. Alishindana na watoto wenzake wa Turkana juu ya fungu la Turkana. Na mtoto wa Kangemi alishindana na nani? Alishindana na watoto wote wa Nairobi, pamoja na wale wa shule za kulipia za Lavington na Kilimani wenye walimu wa ziada jioni na mwisho wa juma. Tuseme mtoto wa Nairobi amepata alama 400 kati ya zile 500 za KCPE, na mtoto wa wilaya kame amepata 370. Yule wa 400 aliweza kukosa nafasi, hali yule wa 370 akaitwa, na magodoro yao yakapishana njiani.

Je, ilikuwa haki? Mimi nasema ndiyo, kwa sehemu kubwa. Alama si za mtoto peke yake. Ndani yake mna taa aliyosomea, na maji aliyoteka kabla ya kwenda shuleni, na mwalimu mmoja aliyefundisha madarasa matatu kwa zamu. Katiba yetu ya mwaka 2010, katika kifungu cha 56, inaitaka Serikali iwape makundi yaliyoachwa nyuma nafasi za pekee katika elimu, na neno hilo halikuandikwa kwa pambo. Lakini hatuwezi kukana kwamba mafungu hayo yaliwafundisha watu ujanja. Hesabu ilifuata mahali mtoto alipofanyia mtihani, wala si kabila lake wala kijiji cha babu yake, na wako wazazi wenye uwezo waliowapeleka watoto wao kuandikishwa mtihani mahali ambapo ushindani ulikuwa mwepesi. Fungu lililokusudiwa mtoto wa mchungaji likaliwa na mtoto wa tajiri. Kadhalika katika uchaguzi wa mwaka 2011 Serikali iligawanya nafasi za shule za kitaifa kati ya watoto wa shule za umma na wa shule za binafsi kwa kufuata wingi wao, na ghadhabu za wazazi wa mjini zilijaza magazeti kwa majuma mengi. Mwaka ule ule ndipo Serikali ilipoanza kuzipandisha shule nyingine ziwe za kitaifa. Zilizokuwa 18 zikazidi 100 katika miaka michache. Hilo lilisaidia, ingawa macho ya watu yalibaki palepale, Kikuyu na Kileleshwa.

Sasa mambo hayo ya KCPE yamekwisha. Mtihani wa mwisho wa KCPE ulifanywa mwaka 2023. Watoto wa mtaala mpya wa umilisi walifanya mtihani wa kwanza wa KJSEA mwishoni mwa mwaka 2025, wakiwa Gredi ya 9, na zaidi ya watoto milioni moja waliandikishwa. Hao ndio walioingia Gredi ya 10 kwa mara ya kwanza Januari 2026. Mzazi anayepima nafasi ya mtoto wake kwa hesabu za zamani anajidanganya, na mtoto ndiye atakayelipa.

Nitaeleza kwa maneno mepesi. Matokeo ya mtoto hujengwa na vipande vitatu. Mtihani wa KJSEA wenyewe ni sehemu 60 katika 100. Ule wa KPSEA alioufanya Gredi ya 6 ni sehemu 20. Kazi alizopimiwa shuleni katika Gredi ya 7 na ya 8 ni sehemu 20 zilizobaki. Maana yake ni kwamba mtoto akiingia Gredi ya 9, sehemu 40 zimekwisha kuandikwa, ziwe njema au mbaya, na hakuna mkesha wa Oktoba utakaozibadili. Mwendeeni Mwalimu Mkuu mapema mkaulize sehemu hizo zikoje. Nimekutana na wazazi wanaojua bei ya saruji katika kila duka la Kawangware, lakini hawajui alama za mtoto wao za Gredi ya 6.

Kisha, kila somo hupewa daraja kuanzia 1 hata 8, na masomo ni 9, kwa hiyo mtoto hawezi kupita jumla ya 72. Daraja la 8 ni la mwenye alama 90 na zaidi. Angalieni basi: mwenye 91 na mwenye 99 wote huandikiwa 8. Wenye jumla kubwa huwa wengi, na karatasi yenye 8 nyingi, ijapokuwa inapendeza ukutani, haimwambii mzazi kwamba mtoto ataitwa Alliance. Yako mambo mengine yanayoangaliwa. Wizara ilitaja alama, chaguo la mtoto mwenyewe, usawa kati ya sehemu za nchi, na nafasi zilizomo shuleni.

Chaguo, ndugu zangu, ndilo jambo ambalo mzazi analo mkononi mwake, na ndilo ambalo watu wengi hulitenda kwa haraka. Mtoto huchagua njia moja kati ya tatu: ya sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, au ya sayansi za jamii, au ya sanaa na michezo. Ndani ya njia hiyo huchagua kundi la masomo matatu. Halafu ndipo huchagua shule. Katika utaratibu wa mwaka 2025 shule hizo zilikuwa 12: shule 9 za bweni, yaani 3 katika kaunti yake na 6 nje ya kaunti, na shule 3 za kutwa katika kaunti ndogo anamokaa. Tena si kila shule ina kila kundi la masomo. Mtu akiandika jina la shule kubwa kwa kundi ambalo shule ile hailifundishi, ni kana kwamba amepanga foleni mbele ya duka lisilouza kitu anachokitaka. Na watoto wale walichagua kabla ya kuufanya mtihani, kwa hiyo walichagua gizani, wakiwa na zile sehemu 40 tu za kuwaangazia.

Shule zilizoitwa za kitaifa sasa huhesabiwa katika kundi la kwanza, liitwalo C1. Nafasi zake tuzipime kwa hesabu ya kubuni tu. Tuseme shule moja ina mikondo 8 ya Gredi ya 10, na kila mkondo una watoto 45. Jumla ni 360. Kenya ina kaunti 47. Kama nafasi hizo zingegawanywa sawasawa, kila kaunti ingepata 7 na kuzidi kidogo. Hazigawanywi hivyo hasa, lakini mtu akiiweka hesabu hii mbele yake, ataacha kusema kwamba mtoto wake "lazima" aende Kenya High kwa sababu ni wa kwanza katika shule yake. Wa kwanza katika shule ni wengi, kama zilivyo nyingi shule zenyewe.

Bwana mmoja wa Wundanyi aliniletea barua juu ya binti yake, naye ameniruhusu niwasomee habari yake bila jina. Binti huyo ni hodari katika sayansi, alama zake za Gredi ya 6 zilikuwa njema, na mwalimu wake anamsifu. Baba alikuwa amezijaza nafasi zote 6 za nje ya kaunti kwa shule za C1 zilizo Nairobi, Kikuyu na Limuru. Zile 3 za ndani ya kaunti alizijaza bila kufikiri, na kwa zile za kutwa aliandika hata moja ambayo binti yake hawezi kuifikia kwa miguu. Aliuliza mambo mawili: Je, kuwa mtu wa Taita kutamzuia? Na je, auze ng'ombe wawili sasa, kabla bei haijashuka, ili karo iwe tayari?

Nilimjibu kwamba kuwa mtu wa Taita hakumzuii. Katika shule zinazochukua watoto wa nchi nzima, huenda kukamsaidia kidogo kuliko kama angalikuwa mtoto wa Kilimani. Kitakachomzuia ni wingi wa watu wanaokimbilia mlango mmoja. Nilimshauri abakize mbili tu kati ya zile sita, hizo ambazo binti mwenyewe anazitamani, na zile nne azipeleke kwenye shule nzuri za kaunti nyingine zenye maabara na walimu wa sayansi, ambazo hazizungumzwi sana mjini. Na zile tatu za kaunti yake azitazame kwa macho yake mwenyewe, aende, aingie katika maabara, aulize kama mwalimu wa fizikia yupo. Hakuniuliza nafasi ya binti yake ni ngapi katika mia, nami nafurahi, maana atoaye hesabu ya namna hiyo anauza upepo. Niliweza kumwambia tu kwamba Kenya High ni tumaini lisilo la upumbavu, lakini nyumba isijengwe juu yake.

Na ng'ombe? Nilimwambia asiwauze bado.

Juu ya karo yafaa tuseme wazi. Kiwango kilichotangazwa na Wizara kwa shule za bweni za namna hii kimekuwa kwa miaka mingi shilingi 53,554 kwa mwaka, mbali na zile 22,244 ambazo Serikali huahidi kumlipia kila mwanafunzi. Desturi ni kulipa nusu katika muhula wa kwanza, yaani shilingi 26,777, kisha sehemu 30 katika 100, kisha 20. Mzazi anayegawanya kwa tatu hushangazwa mwezi wa Januari. Juu ya hayo kuna sare, sanduku, godoro na vitabu. Kwa mtoto wa mbali kuna jambo ambalo halimo katika orodha ya shule: nauli. Lodwar ni kama kilomita 700 kutoka hapa. Mihula ni mitatu, na katikati ya muhula watoto hufungwa siku chache. Je, atakwenda wapi siku hizo? Mtoto asiye na jamaa mwaminifu mjini aweza kuishia stendi ya magari. Kama mna shemeji au binamu hapa Kangemi au Kawangware, ongeeni naye kabla ya kuchagua shule. Si vizuri kumpelekea mtu mzigo na kumpa habari siku ileile.

Wasio na uwezo wasikate tamaa mapema. Kuna msaada wa Wings to Fly wa Equity Group Foundation, ulioanza mwaka 2010, na kuna ule wa Elimu Scholarship wa Serikali unaosaidiwa na Benki ya Dunia. Yote miwili huwatafuta watoto hodari wa nyumba maskini. Tena kuna Starehe, iliyoanzishwa mwaka 1959 na Bwana Geoffrey Griffin pamoja na Joseph Gikubu na Geoffrey Geturo kwa ajili ya watoto waliokuwa hawana mahali. Starehe ina njia yake ya kuwachagua watoto, na fomu zake hujazwa mapema. Mzazi akingoja matokeo atakuta mlango umefungwa. Huko umaskini wa kweli, ukithibitishwa, huhesabiwa pamoja na alama.

Neno jingine ni juu ya wadanganyifu. Kila Desemba na Januari huonekana watu wenye suti karibu na Jogoo House na katika mikahawa ya katikati ya mji, wanaosema kwamba wanaye mtu ndani, na kwamba kwa shilingi elfu kadhaa watakuleteeni barua ya kuitwa shuleni. Mzazi aliyetoka mbali, mwenye siku mbili tu mjini na fedha mfukoni, ndiye wanayemtafuta. Barua ya kweli hutoka katika mtambo wa Wizara, nayo haiuzwi. Baada ya watoto kupangiwa shule Desemba 2025, Wizara ilifungua muda wa kuomba kubadilishiwa shule, na maombi yalipitia katika mtambo huo huo, siyo katika mkahawa. Muda huo ulikuwa wa siku chache, kwa hiyo yule aliyekuwa akihangaika na tapeli mjini ulimpita.

Mwisho ni mambo madogo, lakini yamewarudisha watu njiani. Jina la mtoto katika cheti cha kuzaliwa lifanane herufi kwa herufi na lile alilojiandikishia mtihani. Namba yake ya mtihani iandikwe mahali pawili, siyo katika simu peke yake. Na kabla ya kumaliza kuchagua, mtoto aulizwe mwenyewe, bila baba kukunja uso, anataka kusoma nini.

Orodha ya shule na makundi ya masomo ipo hapa mezani. Wale walio na watoto wa Gredi ya 9 waje kwanza, kisha wa Gredi ya 8, nasi tutaitazama kaunti moja moja.